Simu ya kijijini ni ya nani? Barua ya wazi kwa wakuu wa TEHAMA wa misheni za amani

Kwenu wakuu wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) katika misheni za Umoja wa Mataifa za kulinda amani, mlioko Beni, Bunia, Goma na Entebbe. Kwenu mnaowasimamia mkiwa makao makuu New York na kwenye vituo vya huduma vya Brindisi na Valencia. Na kwenu maofisa wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtakaoitwa kuunda kikosi kingine siku mambo yatakapoharibika tena:

Salaam.

Mimi ni fundi wa mitambo ya redio. Kazi yangu imekuwa kupanda minara, kufunga antena za redio za masafa ya karibu (VHF) na ya mbali (HF), na kubadilisha betri kwenye vilima ambavyo gari haifiki, huko mashariki mwa Kongo na kwingineko katika ukanda huu. Sasa niko nyumbani Kigoma. Siandiki kudai malimbikizo wala kulalamikia mkataba. Nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni simu anayopiga mwanakijiji kuelekea kambi ya walinda amani. Simu hiyo haina mwenyewe. Naomba iwe yenu, tangu inapopigwa hadi siku ambayo namba iliyoipiga inafutwa.

Mnaikumbuka Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, wakapora na kubaka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe walihesabu waliobakwa zaidi ya 300. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kilomita kama 30 hivi, na vijijini humo mtandao wa simu haukuwepo. Habari kamili iliwafikia wakubwa siku kadhaa baadaye. Mwezi Septemba, Atul Khare, aliyetumwa na Katibu Mkuu kwenda kuangalia, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hatua zilizochukuliwa hazikutosha. Baada ya hapo juhudi za kupeleka simu na redio za HF vijijini zilipamba moto. Mitandao ya tahadhari ya jamii ikasambaa Kivu nzima: chifu apewe simu, mama kiongozi apewe simu, mwalimu apewe namba ya kambi. Lilikuwa jambo jema, na mafundi wengi wanalionea fahari mpaka leo.

Sasa twendeni Mutarule, kwenye tambarare ya Ruzizi, Kivu Kusini, usiku wa tarehe 6 Juni 2014. Watu walishambuliwa, wengine wakiwa ibadani nje ya kanisa. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika kwamba waliouawa hawakupungua 30, na kwamba walinda amani walikuwa kilomita 9 tu kutoka hapo, wakapewa taarifa mauaji yakiendelea, lakini hawakutoka usiku ule. Safari hii huwezi kusingizia umbali wala ukosefu wa mtandao. Ujumbe ulifika.

Baina ya Luvungi na Mutarule ndipo barua hii ilipo. Luvungi ilitufundisha kununua vifaa, tukavinunua. Mutarule ilitaka tujiulize kinachotokea baada ya simu kuita, na swali hilo mpaka leo sijaona ofisi inayolijibu kwa takwimu. Mnajua kiungo cha setilaiti kilikuwa hewani kwa asilimia ngapi mwezi uliopita. Mnajua tiketi ngapi za watumiaji wanaoomba msaada zimefungwa na akaunti ngapi za baruapepe zimefunguliwa. Kiungo cha Brindisi kikikatika dakika kumi wakati wa mkutano wa video, simu zinalia mpaka Entebbe. Lakini kijiji kikinyamaza wiki tatu, hakuna taa inayowaka popote.

Na ule ukimya ni habari. Fundi yeyote anajua kwamba kifaa kisichoripoti ndicho cha kukaguliwa kwanza. Kama kijiji kilizoea kupiga kila jioni kusema kuko salama, na leo hakikupiga, basi ama betri imekufa, ama mtu ameikimbia nyumba, ama ameshikwa akiwa na simu mkononi. Yote matatu yanataka mtu aende. Mfumo wa kuonyesha nani hajapiga leo unatengenezwa kwa siku moja na kijana anayejua jedwali la kompyuta. Hauhitaji zabuni.

Najua mtakachojibu. Mtasema simu za vijijini ni za idara ya Masuala ya Kiraia. Masuala ya Kiraia watasema wao wanaajiri wasaidizi wa uhusiano na jamii, lakini doria ni ya jeshi. Jeshi litasema doria inatoka kwa amri ya sekta, sekta inasubiri kituo cha operesheni, na kituo cha operesheni kinasema hakikupokea kitu. Ninyi mtasema mmetoa kifaa, kinafanya kazi, karatasi ya makabidhiano hii hapa imesainiwa. Kila mmoja atakuwa amesema kweli. Ila katika hao wote, TEHAMA ndio peke yao wanaoweza kuona njia nzima: simu iliingia saa ngapi, iliita mara ngapi, ilipokewa na nani, ikapelekwa wapi, na redio ya doria ilitoka kambini saa ngapi. Mwenye uwezo wa kuona njia nzima ndiye mwenye wajibu wa kusema ilikatikia wapi.

Hebu tuifuate njia hiyo. Simu yenyewe ni ile ya vitufe, yenye tochi. Mfuniko wa nyuma umepotea, betri imevimba kidogo, imebanwa kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Inatundikwa kwenye msumari uliopigiliwa kwenye nguzo ya ghala la mahindi, kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, vijiti viwili kama mvua hainyeshi. Chaji inapatikana kwa kinyozi mwenye paneli ya jua, kwa kulipia, na kinyozi anafunga jioni. Mwenye simu akienda shambani, simu inabaki msumarini. Akiondoka nayo, haishiki. Kile ndicho kituo cha mwisho cha mtandao wenu, na hakimo katika mchoro wowote uliobandikwa ukutani ofisini kwenu.

Upande wa pili yuko msaidizi wa uhusiano na jamii. Ni Mkongo, analala kambini na askari, anajua njia za panya na majina ya watu. Ana simu mbili au tatu mfukoni na zote zinaita. Anasikia Kiswahili, anageuza kwa Kifaransa au Kiingereza kwa kapteni ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kinepali, Kibengali au Kihispania, na kapteni anapeleka juu. Kikosi kile kitaondoka baada ya miezi kadhaa, kitakuja kingine, na yeye ataanza upya kueleza kilima kipi ni kipi. Siku akienda likizo, simu zinabaki na nani? Nimewaona vijana hawa wakipokea simu wakiwa kwenye foleni ya malaria hospitalini. Mfumo mzima wa tahadhari wa eneo lenye maelfu ya watu unategemea homa ya mtu mmoja.

Hapa hakuna teknolojia ngeni inayotakiwa. Mitambo ya simu mliyonayo tayari inaweza kuhamisha simu isiyopokewa: ikiita kambini mara tano bila jibu, iende mezani Bunia au Beni, ambako kuna watu wa zamu wanaosema Kiswahili usiku kucha. Wekeni Wakongo watatu kwa zamu. Sauti irekodiwe kama ilivyo, kwa Kiswahili, ibaki hapo mpaka tukio lifungwe, kwa maana tafsiri ya saa nane usiku hudondosha jina la kijito au upande wa barabara, na doria inakwenda kusikostahili. Kisha kila mwezi mkuu wa TEHAMA apeleke kwa mkuu wa misheni karatasi moja: simu zilizoingia, zilizopokewa, muda kati ya kupokewa na jibu, na zile ambazo hakuna aliyefanya lolote. Hiyo safu ya mwisho itawaudhi watu. Iandikeni hata hivyo.

Msidhani nawasema kwa sababu ya raia peke yake. Tanzania tunalijua jina la Semuliki. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya vijana wetu kwenye daraja la mto huo, wilayani Beni, ilivamiwa, na tukapoteza askari 15, pamoja na aliyefariki baadaye kwa majeraha. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulikuta kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa walinda amani wake, na ulitaja pia kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Askari wenye redio, wenye cheo na bendera ya Umoja wa Mataifa, walibaki bila msaada uliostahili. Basi mama wa Ruzizi mwenye simu ya tochi atategemea nini, kama hatujaweka mtu wa kuhesabu kinachofuata baada ya wito?

Nimesoma mipango yenu ya miaka ya karibuni. Mwezi Agosti 2021 mlizindua mkakati wa mageuzi ya kidijitali ya ulinzi wa amani, na hata kabla ya hapo, Desemba 2013, Goma iliona ndege zisizo na rubani za Umoja wa Mataifa zikiruka kwa mara ya kwanza. Sina ugomvi na ndege hizo. Zilisaidia pale msitu ulipoachia nafasi ya kuona. Ninachosema ni kwamba fedha hukimbilia kinachopigwa picha, na meza ya simu yenye Wakongo watatu haipigwi picha.

Wala msiniambie misheni haiwezi kufanya kazi kwa lugha za watu. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, na inasikika kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Ni mitambo ya aina moja na hii ninayoizungumzia: minara, jenereta, mafundi, watu wanaosema lugha inayoeleweka. Kusema na watu mliweza, tena vizuri kuliko wengi. Kuwasikiliza ndiko kulikobaki.

Nije sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya yote: namba zenyewe.

Kwa azimio namba 2717 la Baraza la Usalama la Desemba 2023, MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilianza kuondoka. Kambi ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa Kamanyola, Kivu Kusini, iliyoachiwa polisi wa Kongo tarehe 28 Februari 2024, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huo misheni ilikuwa imetoka Kivu Kusini. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Februari waliingia Bukavu, na tambarare ya Ruzizi nayo ikawa uwanja wa vita. Wanaotawala sehemu hizo leo si wale waliokuwepo wakati mwanakijiji alipokubali kuandika namba yake.

Fikirini namba ile imeandikwa wapi. Imo kwenye jedwali la kompyuta. Imo kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi ukutani katika chumba cha redio, jina la kijiji upande wa kushoto, jina la mtu katikati, namba kulia. Imo kwenye daftari la mlinzi wa zamu, lile lenye jalada gumu. Imo kwenye simu ya msaidizi wa uhusiano, imehifadhiwa kwa jina na cheo ili asikosee usiku. Imo kwenye kundi la WhatsApp ambamo kila mwanakundi anaona namba ya kila mwenzake. Na laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho. Anayeishika karatasi hiyo hahitaji mpelelezi. Ana orodha ya watu waliokuwa wakipiga simu kusema wenye silaha wamepita wapi.

Sisemi orodha fulani ilivuja. Nasema katika vitu vyote ambavyo misheni inaviacha nyuma, hicho ndicho kinachoweza kuua, na sijaona kikipewa uzito kama jenereta. Katika mkoa wa Kidal, Mali, walinda amani walipoondoka Oktoba 2023, waliharibu magari na jenereta walizoshindwa kuzibeba, zisiangukie mikono mingine. Kwa jenereta kuna fomu, kuna kamati, kuna saini ya mhasibu. Kwa daftari lenye jalada gumu kuna nini?

Na msijifariji kwamba data iliyo kwenye seva za mbali iko salama. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa wadukuzi wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotengana na ndugu zao kwa vita na majanga. Na hilo ni shirika linalojulikana kwa uangalifu. Kanuni mnazo: mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana misingi ya kulinda taarifa binafsi, na humo imo kwamba taarifa isikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Swali langu ni dogo. Muda unaohitajika kwa namba ya mpasha habari wa Kamanyola uliisha lini, na nani alisaini kwamba imefutwa?

Ninachopendekeza kinaweza kuanza Jumatatu. Jina na namba visikae ukurasa mmoja. Kijiji kipewe alama, na ufunguo wa alama uwe kwa watu wawili tu. Karatasi za ukutani zibanduliwe, hata kama kamanda mpya atalalamika kwamba hazioni namba kwa haraka. Makundi ya WhatsApp yavunjwe, ujumbe utumwe kwa mmojammoja. Simu za misheni walizonazo wasaidizi wa uhusiano zisafishwe na fundi kabla mkataba haujaisha, siyo siku ya mwisho, kwa kuwa siku ya mwisho kila mtu anagombania malori. Na yule msaidizi, ambaye hana ndege ya kumrudisha kwao maana kwao ni hapohapo, asiachwe na kumbukumbu zenu kwenye simu yake binafsi huku anaendelea kuishi mtaa uleule na watawala wapya.

Wenzetu wa kanda, nanyi swali hili ni lenu. Kikosi cha Afrika Mashariki kilikaa Kivu Kaskazini kuanzia mwisho wa 2022 hadi Desemba 2023. Cha SADC kikaingia mwezi huohuo, na uamuzi wa kukifunga ukatolewa Machi 2025. Vyote viwili vilikuwa na faida ambayo Umoja wa Mataifa hulazimika kuinunua: baadhi ya askari wao walisema na wenyeji bila mkalimani. Ndiyo maana wenyeji huwaambia mambo. Namba mlizopewa mmezifanya nini?

Liko pia la upande wa mwanakijiji, ambalo ofisini husahauliwa kabisa. Kambi inapofungwa, yeye bado ana namba yenu. Ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, ameihifadhi kwenye simu. Aambiwe uso kwa uso, kwa Kiswahili, kwamba kuanzia tarehe fulani hakuna atakayepokea. Aonyeshwe namna ya kuifuta, pamoja na orodha ya simu alizopiga. Aambiwe nani wa kumpigia badala yenu, na kama hayupo, aambiwe hayupo.

Kisha zile laini za kambi msizirudishe kwa kampuni ya simu. Mnajua kinachotokea: laini isipotumika, baada ya miezi kadhaa kampuni inaiuza tena, na namba inamwangukia mtu yeyote, dukani, kambini au kwenye kizuizi cha barabarani. Yule mama atapiga saa nane usiku, simu itaita, na sauti asiyoijua itasema haloo. Lipieni laini hizo zibaki mikononi mwenu, zimezimwa, angalau miaka mitatu baada ya kila kambi kufungwa. Kambi za Ituri na Kivu Kaskazini bado hazijafungwa zote. Mstari huo unaweza kuingizwa katika bajeti zao sasa hivi, kabla kamati ya kufunga misheni haijaanza kuhesabu viti na meza.

Wasalaam,

Fundi wa mitambo ya redio,
Kigoma